Lipa Fundi Apime, Si Abahatishe

Maoni yangu ya leo yanatosha sentensi moja: huku kwetu Kitui na Makueni tunalipa mafundi kubadilisha vitu, hatuwalipi kujua shida iko wapi. Na mahali hii tabia inatuumiza zaidi sai ni kwa kile kidude kinaitwa kompyuta ya bodi.

Najua wengine wenu kidole tayari kinataka kupitisha hii. Lori ni mambo ya wazee, sindio? Haya, niambie karo yako ya sekondari ilitoka wapi. Wengi wetu tumesomeshwa na kokoto, matofali, mawe ya kujenga na maembe. Lori moja inalisha nyumba tatu: ya mwenyewe, ya dereva na ya tanboi. Ikilala gereji wiki mbili, hizo nyumba zote zinalala nayo. Kwa hivyo tulia kidogo, hii inakuhusu.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini. Watu wengi wakisikia "kompyuta ya gari" wanafikiria ile ya injini. Hizo ni mbili tofauti. Kompyuta ya injini inashughulika na mafuta, hewa na moshi. Kompyuta ya bodi inashughulika na vitu ambavyo hata askari wa trafiki akisimama kando ya barabara anaviona: taa, indiketa, waipa, honi, vioo vya umeme, loki za milango. Kwa magari mengi inahusika pia na ule ulinzi unaokataa gari iwake kama ufunguo haujatambulika.

Zamani mambo yalikuwa wazi. Kwa Fuso ama Isuzu ya miaka ya tisini, ukiwasha taa, stima inatoka kwa betri, inapita fyuzi, inapita swichi, labda na rilei, inafika kwa balbu. Fundi na taa yake ya kujaribia anafuata waya mpaka apate umekatika wapi. Kwa malori na pikapu nyingi za siku hizi, swichi haibebi stima ya balbu. Inatuma tu ujumbe: dereva anataka taa. Kompyuta ya bodi inausoma, inaamua, halafu yenyewe ndiyo inaachilia stima. Na kompyuta moja inaongea na nyingine kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo unaoitwa CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutambulisha mwaka wa 1986. Kwa hivyo hii si teknolojia ya jana. Ni vile tu imechukua muda kufika kwa gereji ya chini ya mwarubaini.

Sasa, mfumo kama huo ukipata shida, dalili zinakaa kama majini. Waipa zinaanza na hakuna mvua. Unakanyaga breki, indiketa inawaka. Milango inajifunga. Dashibodi inajaa alama nyekundu. Ukiona hayo yote pamoja, ni rahisi sana kusema, "Kompyuta imekufa." Na sentensi hiyo ndiyo inafungua mfuko wa mwenye gari.

Mjomba wangu alipitia hii. Lori yake ya kubeba kokoto ilianza vituko karibu na Emali: taa zinapungua nguvu usiku, indiketa zinagoma, waipa zinajianzisha. Gereji ya kwanza wakachomeka mashine ya kupima, ikatoa kodi kibao, moja ikisema mawasiliano na kompyuta ya bodi yamepotea. Kwa pikapu nyingi kodi kama hiyo huandikwa U0140. Fundi akasema, "Mzee, boksi imeenda." Mjomba akatuma pesa Nairobi, kule Kirinyaga Road, akaletewa boksi iliyotumika kwa elfu hamsini na nane. Ikaja na matatu, ikafungwa. Lori ikakataa kuwaka kabisa, kwa sababu boksi mpya ilikuwa bado inakumbuka ufunguo wa gari lingine. Siku tatu zikaisha wakitafuta mtu wa kuilinganisha na gari. Ikawaka. Usiku huo huo waipa zikaanza tena.

Aliyemaliza stori ni dada mmoja, fundi wa umeme wa magari, aliyekuja na maltimita na tochi. Saa nzima ya kwanza hakugusa ile mashine. Alilala chini ya kabini akafuata waya wa ardhi, ule wa negativu unaofungwa kwa chesisi, mpaka akafika kwa boliti iliyoliwa na kutu. Akapiga msasa, akaweka kichwa kipya cha waya, akakaza, akapaka grisi. Taa zikarudi. Na hapa ndipo mimi nilichoka: alipotaja elfu tatu, watu wakaanza kumpunguzia. "Si ni boliti tu umekaza?" Elfu hamsini na nane ilitoka bila swali. Elfu tatu ilifanyiwa kikao.

Fikiria hiyo kidogo. Pesa kubwa ililipwa kwa jibu lisilo sahihi kwa sababu lilikuja na kitu unaweza kushika. Pesa ndogo ililetewa maneno kwa sababu ilikuwa ya akili, na akili haiji na risiti ya spea.

Sasa wewe ukiwa fundi, utafanya nini? Kama unajua ukipima saa nne na upate ni waya, utalipwa mia tano na "asante kijana", lakini ukisema boksi imeenda utapata kazi ya kufunga na kitu kidogo kutoka kwa muuza spea, utachagua gani? Si ati mafundi wetu ni wezi. Ni sisi tumewapangia bei inayowafundisha kubahatisha. Na wanabahatisha na pesa zetu.

Kitu ingine: kodi ya mashine si hukumu. Mashine ikisema haiipati kompyuta ya bodi, imekuambia tu kwamba imeita na hakuna aliyeitika. Mtu akikosa kushika simu, amekufa? Pengine simu imezima. Pengine hakuna mtandao. Ukimpigia mtu wa kijijini Mutomo asishike, huanzi kuchanga pesa za matanga.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi anaanza na mambo ya bure. Hii orodha ihifadhi, siku moja itakusaidia.

Moja, betri. Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizounganishwa. Zikiwa zimetulia na ziko sawa, unafaa kuona karibu volti 25. Injini ikiwaka, karibu 28. Betri ikiwa chini, kompyuta zinaanza kuongea upuzi. Kuna boksi nyingi zimetolewa kazini kwa makosa ya betri.

Mbili, fyuzi. Usiangalie kwa macho peke yake. Pima pande zote mbili za fyuzi ikiwa imekaa mahali pake na kitu kimewashwa.

Tatu, waya wa ardhi, na hapa ndio watu wengi huanguka. Fundi anapima ukinzani, mita inasema sawa, anaendelea na safari. Lakini waya ukibaki na uzi mmoja tu mzima, mita bado itasema sawa, kwa sababu hakuna mzigo. Washa taa na feni kwanza. Weka ncha moja ya maltimita kwa negativu ya betri, nyingine kwa pini ya ardhi ya kompyuta. Unafaa kuona karibu sufuri, isizidi sehemu mbili za kumi za volti. Ukiona nusu volti ama volti nzima, umeshika mwizi. Stima ikienda lazima irudi. Ikikosa njia nzuri ya kurudi inapita vichochoro, ndani ya saketi za vitu vingine, na ndiyo sababu breki inawasha indiketa.

Nne, waya za mawasiliano. Toa terminali za betri, pima ukinzani kati ya zile waya mbili za CAN. Kwa mfumo wa kawaida unafaa kupata karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho wa njia kuna kizuizi cha omu 120, na viwili vikiwa sambamba vinatoa 60. Ukipata 120, kuna mahali njia imekatika ama kizuizi kimoja kimepotea. Ukipata karibu sufuri, waya zinagusana.

Tano, viunganishi. Fungua, angalia kama kuna maji, kutu, pini iliyoingia ndani ama alama ya meno ya panya.

Hizo hatua tano ni kazi ya nusu siku hivi kwa mtu makini, na hakuna hata moja inahitaji kununua spea. Ndiyo nasema: hiyo nusu siku ilipwe kama kazi, ipatikane shida ama isipatikane.

Na kama unajiuliza kwa nini haya mambo yametuzidi huku kwetu, angalia vile tunaishi na haya malori. Tangu barabara ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui iwekwe lami, gari za mizigo zimeongezeka, lakini safari yenyewe haianzii kwa lami. Inaanzia kwa vumbi la machimbo na kwa vivuko vya mito ya msimu kama Tiva na Thua. Vumbi linaingia kwa viunganishi, mvua ya Novemba inakuja kulikanda.

Halafu kuna yale tunajifanyia wenyewe. Bodi ya nyuma ikipasuka, tunaita mtu wa kuchomelea, na anachomelea chesisi betri zikiwa bado zimeunganishwa. Ile stima kubwa ya welding inatafuta njia ya kurudi, na mara nyingine inapitia ndani ya kompyuta. Kutoa terminali za betri ni kazi ya dakika tano. Kisha tunaongeza taa za mapambo, honi ya kelele na kifaa cha kufuatilia gari, na kila mmoja anadonoa waya ulio karibu na kuufunga na tepu. Kompyuta ya bodi ilipimiwa balbu fulani. Ukiiongezea mzigo mara mbili, inajifunga ama inaungua. Kisha pale kwa kuosha magari, kijana anaelekeza maji ya presha moja kwa moja kwa boksi ya fyuzi. Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa siku hizi ni wa elfu hamsini na nane.

Lakini wacha niwe mkweli pia: kuna siku boksi imekufa kweli. Sisemi zote ni waya. Utajuaje? Kama stima inayoingia kwa boksi iko sawa ukiwa na mzigo, ardhi iko sawa, mawasiliano yako sawa, mashine inaonyesha kwamba boksi imepokea ujumbe wa swichi, lakini kwa pini ya kutoa stima hakuna kitu, na waya wa kwenda kwa balbu haujagusana popote, hapo boksi haina pa kujificha. Imehukumiwa kwa ushahidi.

Hata hapo, usikimbilie kununua. Jiulize ni nini kimeiua. Ukifunga mpya na ule waya wa taa za nyuma bado unagusa chesisi, umenunua boksi ya pili ya kuchoma. Pia uliza kama inaweza kutengenezwa. Kuna mafundi wa elektroniki ambao wakifungua boksi wanapata rilei moja imeungua ama sehemu iliyotoka lehemu, na wanarudisha kazini kwa bei ya chini.

Ikibidi kubadilisha, basi ifanywe kama kazi, si kama kubadilisha balbu. Namba ya spea ilingane, si umbo tu. Mipangilio ya boksi ya zamani isomwe na ihifadhiwe kama bado inasomeka. Terminali za betri zitolewe, ya negativu ikiwa ya kwanza, kabla ya kuchomoa kitu chochote. Wakati wa kuandika programu, betri iwe kwa chaja thabiti, kwa sababu stima ikishuka katikati ya kazi boksi inaweza kubaki bubu. Halafu gari ijulishwe: namba ya chesisi, aina ya taa, funguo. Boksi ya mtumba hubeba kumbukumbu za gari lilipotoka, na magari mengine hukataa kabisa boksi iliyowahi kutumika kwingine. Hayo uyajue kabla hujatuma pesa kwa simu, si baada ya matatu kushuka na mzigo. Mwisho, jaribu kila taa, kila loki, kila waipa, na uendeshe usiku.

Nimesema usiku kwa sababu hapa hatuongei kuhusu pesa peke yake. Wewe ukiwa ndani ya matatu saa tano ya usiku kati ya Salama na Sultan Hamud, kitu kinachokutenganisha na nyuma ya lori iliyosimama ni zile taa nyekundu. Kama taa hizo zinategemea boksi iliyobahatishwa, basi hata wewe usiye na lori uko kwa hiyo stori. Lori ya biashara inafaa kukaguliwa na NTSA kila mwaka, sawa, lakini waya wa ardhi hauna kalenda. Unaweza kushinda vizuri mchana na kugoma giza likiingia, pale ambapo kila taa inawaka kwa pamoja.

Najua mtaniambia, "Wewe unaongea tu, hizo mashine za kweli ziko Nairobi." Ni kweli kiasi. Kuandika programu ya boksi kunahitaji vifaa na ruhusa ambazo watengenezaji wengi wanazifungia. Hiyo ni vita nyingine, na inafaa tuipigane. Kule Marekani, wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipitisha mwaka wa 2012 sheria ya kuwapa mafundi huru habari za kutengeneza magari. Umoja wa Ulaya pia una kanuni ya 2018 inayotaka habari hizo zipatikane kwa mafundi wasio wa kampuni. Ningependa kuona mbunge wa Ukambani akiibeba hii, badala ya kutuletea mashindano ya mpira kila Desemba. Lakini angalia vizuri: kati ya zile hatua tano nilizotaja, hakuna hata moja iliyofungiwa na kampuni. Maltimita nzuri haikushindi wewe na wenzako mkichanga. Kilichofungwa ni kubadilisha. Kupima kuko wazi.

Mtaniambia tena, "Mwenye lori hawezi kulipia kupima kama hakuna kitu kimetengenezwa." Mbona hospitali unalipia maabara na unarudi nyumbani na majibu tu? Hakuna mtu humwambia daktari, "Hujanipa dawa, nirudishie pesa ya vipimo." Ukijua huna malaria, umeokoa pesa ya dawa ya malaria. Ukijua boksi ni nzima, umeokoa elfu hamsini na nane.

Kwa hivyo nataka vitu vitatu. Wenye malori: mkifika gereji, ulizeni kwanza, "Kupima ni pesa ngapi?" na mlipe bila kikao. Halafu mdai mwandikiwe kwa karatasi ni nini kimepimwa na namba zilikuwa ngapi. Anayesema boksi imekufa na hana namba hata moja ya kuonyesha, huyo anakisia.

Mafundi: wekeni bei ya kupima ukutani, kama vile kinyozi ameweka yake. Msione haya. Na kama umejifunzia chini ya lori na huna cheti, NITA ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu hadi la kwanza. Cheti hakikufanyi uwe mjanja, lakini kinamfanya mwenye lori apunguze kubishana.

Na nyinyi wa rika langu mnaosema kazi hakuna: kutoka Mtito Andei mpaka Mwingi kuna magari yenye kompyuta kuliko watu wanaojua kuyapima. Wote Technical iko hapo, vyuo vya ufundi viko. Unajua tayari kusoma simu ikileta shida, unazima, unaangalia chaji, unaangalia mtandao, kabla ya kusema imekufa. Hiyo ni akili ile ile, ongeza tu maltimita na ovaroli.

Yule dada fundi, by the way, hakupunguza bei. Alisimama pale na tochi yake mpaka elfu tatu ikatimia. Mimi naona alikuwa anadai kidogo. Nyinyi mnaonaje, kupima peke yake kunafaa kulipwa ngapi? Niandikieni hapo chini, na wenye malori pia waongee, si mafundi peke yao.